Umenunua kiwanja chenye vichaka Kizota? Usianze na panga

Fundi yuko tayari, tipa la mawe limeshapigiwa simu, lakini kiwanja bado ni pori. Hapo wengi huita vijana watatu wenye mapanga, wanafyeka kila kitu mpaka ardhi inabaki nyeupe, kisha moto unawashwa. Siku mbili tu, kazi imeisha.

Kumbe hasara nyingi huanzia hapo. Kichaka kinaficha mambo: bikoni, njia ya maji, vichuguu, wakati mwingine hata makaburi. Ukifyeka bila kuangalia, unafuta alama ambazo baadaye utazitafuta kwa hela nyingi. Ukuta ukishapasuka, au jirani akishafungua kesi ya mpaka, panga halina msaada.

Kizota ni kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma, uelekeo wa Singida. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watu wa kipato cha kawaida wamezidi kutafuta maeneo ya pembezoni kama haya. Huko bado kuna migunga, mibuyu na minyaa. Hizi ndizo hatua za kufuata kabla jiwe la kwanza la msingi halijashuka.

1. Karatasi kwanza, panga baadaye

Kwa miaka mingi ardhi ya mjini Dodoma ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja, na majukumu yake yakahamia kwenye manispaa, ambayo Aprili 2018 ikawa Jiji.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: ukioneshwa karatasi za zamani za CDA, usiishie kuzitazama. Nenda nazo ofisi ya ardhi ya Jiji, uliza kama kiwanja hicho kipo kwenye mchoro wa mipango miji, kimepangiwa matumizi gani, na jina la mmiliki ni la nani. Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kuonesha kwamba mmeuziana mbele ya mashahidi, lakini muhuri siyo hati.

Uliza pia kuhusu hifadhi ya barabara, reli na nyaya za umeme. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo. Ukijenga humo, unaweza kubomolewa hata kama hela ulilipa na risiti unayo.

Na kabla ya kujenga kunahitajika kibali cha ujenzi. Anza kukifuatilia mapema, wakati kichaka bado kimesimama.

2. Tafuta bikoni kabla ya kufyeka

Bikoni ni zile alama za zege ambazo mpima ardhi huzichimbia kwenye kona za kiwanja. Kwenye pori huwa zimefunikwa na nyasi na majani. Mfyekaji asiyezijua anaweza kuing'oa moja akidhani ni jiwe la kawaida. Kijiko au buldoza linaweza kuzizoa zote nne kwa nusu saa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha vijia vyembamba tu kufuata mpaka. Muite mpima ardhi athibitishe kona, waite na majirani waone. Kila bikoni ikipatikana, ichomekee mti mrefu wenye kitambaa chekundu, ili hata dereva wa tipa aione kwa mbali.

Ukikuta mstari wa minyaa iliyonyooka, usiukate haraka. Dodoma minyaa hupandwa kama uzio, hivyo mstari huo unaweza kuwa mpaka wa zamani wa mtu. Uliza wazee wa mtaa kwanza. Na atakayekuja kuikata ajilinde macho, kwa sababu utomvu wake mweupe unaunguza na unaweza kumfanya mtu asione kwa muda.

3. Tembea kiwanja chote, soma ardhi

Tenga asubuhi moja. Nenda na fundi wako na mzee mmoja anayeijua sehemu hiyo. Angalieni vitu vinne.

*Maji.* Dodoma ni kame, inapata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka. Tatizo ni kwamba karibu yote hushuka ndani ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na mara nyingi kwa kishindo. Korongo lililo kavu mwezi Agosti linaweza kuwa mto mwezi Januari. Tafuta takataka zilizonasa kwenye matawi ya chini, mchanga uliolundikana nyuma ya vichaka, na mizizi iliyobaki wazi. Hizo ni alama za maji yaliyopita hapo. Nyumba iende sehemu iliyoinuka, hata kama ni mbali kidogo na barabara.

*Udongo.* Chimba mashimo mawili au matatu, kila moja mita moja hadi moja na nusu kwenda chini. Kichanga chekundu kilichoshikana hakisumbui sana. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, ni habari nyingine. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kuta zinapasuka kufuata mwendo huo. Ukiukuta, usiamini msingi wa kawaida. Mlipe mhandisi akupe ushauri.

*Vichuguu.* Hesabu vyote, hata vile vidogo. Tutavirudia mbele.

*Makaburi.* Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma iliwahamisha watu wengi kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaingiza katika vijiji vya ujamaa. Nyuma yao yalibaki mahame, na penye mahame kunaweza kuwa na makaburi. Mawe yaliyopangwa, au mwinuko mdogo mrefu chini ya mti, ni sababu ya kusimama na kuuliza. Makaburi hayahamishwi kienyeji. Kuna sheria yake tangu mwaka 1969, na kuna familia za kuzungumza nazo. Kulijua hili kabla ya kuchimba msingi ni heshima, tena ni unafuu.

4. Chora nyumba, ndipo uchague miti

Watu wengi hufyeka kwanza, halafu ndiyo wanafikiria nyumba ikae wapi. Geuza mpangilio huo. Chukua ramani ya nyumba, pigilia mambo ardhini na kuzungusha kamba: hapa nyumba, hapa choo na shimo lake, hapa tenki la maji, hapa njia ya gari. Ongeza mita mbili au tatu kuzunguka nyumba ili mafundi wapate pa kufanyia kazi.

Kilicho ndani ya kamba kitoke. Kilicho nje ya kamba kibaki kwanza, mpaka uwe na sababu ya kukitoa.

Kuna faida ya moja kwa moja. Upepo wa kiangazi Dodoma unavuma zaidi kutoka kusini-mashariki, ukibeba vumbi. Vichaka na miti upande huo vinaukinga mlango wako bure. Upande wa magharibi, mti wenye kivuli unazuia jua la alasiri lisichome ukuta wa chumba cha kulala. Mche utakaoupanda leo utachukua miaka mingi kufanya kazi hiyo, tena kwa maji ya kununua.

Ila mti mkubwa usikaribie nyumba. Mbuyu una mizizi inayotambaa mbali. Kwenye udongo wa mfinyanzi, acha umbali kati ya mti na nyumba usiopungua urefu wa mti wenyewe. Kama kiwanja ni kidogo na mbuyu uko katikati, ni bora kuchora nyumba upya au kutafuta kiwanja kingine kuliko kupigana nao.

5. Kukata ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni visiki

Kabla ya kuangusha miti mikubwa, pita kwa ofisa misitu. Baadhi ya miti inalindwa hata ikiwa kwenye eneo lako, na kusafirisha magogo, kuni au mkaa kunahitaji kibali. Gari likikamatwa njiani, maelezo kwamba "nilikuwa nasafisha kiwanja" hayatoshi.

Kazi yenyewe iende hivi:

- Anza na nyasi na vichaka vidogo, kwa panga na fyekeo. Wafanyakazi wavae gambuti na glovu. Nyoka aina ya kifutu hujilaza kimya chini ya majani makavu, na wengi huumwa kwa kumkanyaga.
- Fuata na matawi, kisha magogo. Panga kuni mbali na eneo la nyumba.
- Ng'oa kila kisiki kilicho ndani ya kamba, pamoja na mizizi minene. Sululu, mtaimbo na shoka vinatosha kwa visiki vidogo. Vikiwa vingi na vikubwa, kijiko cha saa chache kinaweza kuwa rahisi kuliko vibarua wa wiki mbili.
- Jaza mashimo kwa moramu au udongo mzuri, kwa tabaka za sentimita 15 hivi. Mwagia maji kidogo, shindilia, ongeza tabaka lingine.

Hatua mbili za mwisho ndizo zinazorukwa zaidi. Kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi na kufunikwa kifusi hakionekani, lakini hakijatoka. Baada ya muda kinaoza, kinaacha tundu, na jamvi linatitia hapo. Kabla hakijaoza kimeshakuwa chakula cha mchwa, chini ya sebule yako.

Udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20 zenye rutuba, usiuchanganye na kifusi cha msingi. Ulundike pembeni. Ndiyo bustani yako ya mboga.

Na moto? Uepuke. Nyasi kavu na upepo wa Agosti na Septemba ni mchanganyiko mbaya, na kiwanja cha jirani nacho ni pori. Majani na matawi membamba yanafaa zaidi kutandazwa juu ya ardhi iliyobaki wazi.

6. Mchwa hawasubiri

Kuvunja kichuguu kwa juu hakusaidii. Malkia yuko chini, na kundi linajenga upya. Chimba mpaka umpate, toa udongo wote uliolegea, tibu shimo kwa dawa, kisha jaza na kushindilia kwa tabaka kama mashimo ya visiki.

Dawa ya mchwa hupigwa tena kwenye mitaro ya msingi na juu ya kifusi, kabla ya kumwaga zege la jamvi. Baada ya hapo ni gharama kubwa kurudi nyuma. Tumia mtu anayejua vipimo, na dawa ikae mbali na kisima.

7. Angalia kalenda

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi kizuri cha kusafisha. Ardhi inabeba magari na nyufa za mfinyanzi zinaonekana. Hatari ni kufyeka kiwanja kizima mwezi Oktoba, hela ya msingi ikakwama, mvua ikakuta ardhi iko uchi.

Mkoa wa Dodoma unalijua hilo vizuri. Kondoa iliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoathirika ili ardhi ipumue. Kiwanja chako ni kidogo, lakini maji hufanya kazi ileile. Kama hela haijatimia, fyeka mipaka tu na uache kichaka kilinde udongo.

Mvua hiyohiyo inaweza kuwa faida. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, linapokea kama lita 55,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza sehemu ya tano, zinabaki lita 44,000. Ndiyo maana nafasi ya tenki inapimwa siku ileile unayopima nyumba.

8. Visiki vya nje ya kamba bado ni mali

Ukikuta mwenye shamba wa zamani alishakata miti yote, usikate tamaa. Visiki vingi vya migunga na miti mingine ya asili viko hai chini, na huchipua kila mvua ikinyesha. Dodoma njia ya kuvitunza inajulikana kwa jina la Kisiki Hai, na imesambazwa kwa wakulima na taasisi ya LEAD Foundation. Njia kama hiyo ilirudisha miti kwenye mashamba ya Niger kuanzia miaka ya 1980.

Haina gharama. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine, punguza matawi ya chini, funga kitambaa ili mtu asiukate, na uzuie mbuzi. Mizizi tayari iko chini, kwa hiyo mti unakua haraka kuliko mche wa kununua.

Kwa kifupi

Ofisi ya ardhi, bikoni, kutembea kiwanja, kamba ya nyumba, kibali. Baada ya hayo matano ndipo vijana wa mapanga waitwe, na waoneshwe kamba inaishia wapi.