Tovuti Nayo Ina Tarehe ya Kuzaliwa



Mwezi uliopita mzazi mmoja alinionyesha kwenye simu tovuti iliyokuwa ikichangisha pesa za yatima huko nyumbani. Ilijaa picha za watoto, na iliandikwa kwamba kituo kina tovuti hiyo tangu 2009. Alikuwa tayari kutuma paundi hamsini. Nikamwambia, "Dada, subiri kidogo, tuangalie daftari."

Daftari gani? Kila jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama zile zinazoishia na .com au .org, lazima lisajiliwe, na sehemu ya kumbukumbu hizo iko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Kwa miaka mingi huduma hii iliitwa WHOIS. Ingia lookup.icann.org, andika anwani ya tovuti, nawe utaona siku iliposajiliwa, siku muda wake utakapokwisha, na kampuni iliyoisajili. Majina ya .uk yanasimamiwa na Nominet, na ya .ke na KeNIC.

Jina la mmiliki mara nyingi hutaliona. Zamani lilionekana, pamoja na simu na anwani yake. Lakini Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilianza kutumika, na mengi yakafichwa. Basi jina kufichwa si dalili ya wizi. Wewe tazama tarehe.

Ile tovuti ya "tangu 2009" ilikuwa na umri wa wiki tatu! Hilo peke yake halithibitishi wizi, kama vile tovuti kuwa ya zamani hakuthibitishi uaminifu. Lakini ni sababu ya kuuliza. Tukawaandikia: kituo kiko mtaa gani, na msimamizi ni nani? Mpaka leo hawajajibu, na zile paundi hamsini bado ziko kwa mwenyewe.

Mimi wodini, kabla ya kumpa mgonjwa dawa, husoma jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye utepe wa mkononi, hata kama namfahamu. Nanyi fanyeni vivyo hivyo kabla ya kutuma pesa.

Kazi ya nyumbani: Wanafunzi, kaeni na mzazi, mtafute tarehe za tovuti mbili mnazozitumia. Jumamosi mje na sentensi tatu zenye maneno haya: sajili, mmiliki, kumbukumbu.

Mwalimu wenu