Jua Linapozama Saa Kumi na Nusu

Mkenya aliyezoea jua la Nairobi, linalochomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hupata taabu na Desemba ya Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani. Siku zinapokuwa fupi kabisa, jua la huko hutoka saa mbili kasoro na kuzama saa kumi na nusu. Habari za baridi alizipata mapema. Hata jaketi alinunuliwa kabla hajapanda ndege. Habari za giza hakuna aliyempa.

Wakenya wa Minnesota wengi wamo katika uuguzi na utunzaji wa wazee, kazi zenye zamu za usiku. Mtu huingia kazini giza limetanda, hutoka saa moja asubuhi hakujapambazuka, hushusha mapazia alale, na akiamka jua linaaga. Januari ikifika hataki kupokea simu, anakula wali na chapati bila kushiba, analala kutwa na kuamka amechoka. Kwao wanasema, "Siku hizi amebadilika, pesa zimemlevya." Yeye mwenyewe anajiona mvivu tu.

Madaktari wanaijua hali hiyo. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza kitaalamu: huzuni nzito inayorudi kila majira ya baridi na kuondoka siku zikianza kurefuka. Rosenthal alikulia Johannesburg, na ni baada ya kuhamia New York mwaka 1976 ndipo alipoona nguvu zikimwishia kila baridi ikiingia. Sishangai kwamba aliyeshtuka alikuwa mtu wa kuja.

Wapo wanaomshauri mtu kama huyo ajaribu yoga. Inaingia wapi hapo? Macho yakikosa mwanga wa asubuhi, saa ya mwili huvurugika, pamoja na mpangilio wa melatonini, homoni ya usingizi. Ndiyo maana tiba inayotangulia ni mwanga wenyewe, mara nyingi taa maalumu ya laksi 10,000 kwa dakika 30 baada ya kuamka. Mtu wa zamu ya usiku amwulize daktari saa inayomfaa. Tafiti kuhusu yoga na huzuni ya majira ni chache na ndogo. Anayekuuzia darasa kama dawa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ila kuna mambo yoga huyafanya vizuri. Mchukue muuguzi aliyesimama kwa saa 12. Akifika nyumbani alale chali sakafuni, makalio yakaribie ukuta, miguu aiegemeze juu ukutani, mikono ailegeze pembeni. Avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita. Pumzi inayotoka polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Baada ya dakika chache vifundo vilivyovimba ndani ya soksi huanza kupata nafuu, na mabega yaliyokuwa yamepanda karibu na masikio hushuka bila kuamrishwa. Mjamzito, au mwenye presha ya macho, aulize kwanza.

La pili, ambalo mimi nalipa uzito zaidi, ni kutoka nyumbani. Darasa la Jumamosi saa nne asubuhi linakulazimu uvae, utembee kwenye mwanga, ukae na watu wasiokuuliza habari za makaratasi wala ada za ndugu zako.

Wapo wanaoikwepa yoga kwa sababu ya dini. Mizizi yake ya Kihindu haifichiki, na mikao 12 inayofululizwa madarasani huitwa salamu kwa jua. Saudi Arabia iliiruhusu kama shughuli ya michezo mwaka 2017. Anayebaki na shaka amwone shehe au mchungaji wake. Nisingegombana naye. Kutembea nje nusu saa adhuhuri, theluji ikiakisi mwanga, naona kunashinda yoga ya chumba kilichofungwa mapazia.

Na mtu akifika mahali anawaza kufa, aweke mkeka kando. Marekani nzima kuna namba 988 ya simu, inapokelewa usiku na mchana, haidai bima.