Kinywaji kiitwacho "Bisibisi"

Ndugu askari, katika mapumziko twaweza kuwaandalia wageni wetu nyumbani kinywaji cha zamani ambacho Wamarekani hukiita "bisibisi". Jarida la Time lilikitaja mwaka 1949. Matayarisho yake ni mepesi: jazeni barafu katika bilauri, mimineni vodka mililita 50, ongezeni maji ya machungwa mililita 100, kisha korogeni.

Tahadhari ni moja. Chungwa huficha ukali wa vodka, lakini halipunguzi nguvu yake. Kwa hiyo pimeni kwa kipimo, wala si kwa jicho. Mwili huhitaji kama saa mbili au zaidi kuondoa kileo cha bilauri moja. Si kahawa wala maji baridi yawezayo kuiharakisha kazi hiyo. Basi anayengojewa na zamu, bunduki au usukani, na anywe maji ya machungwa matupu.