Kriketi: mchezo uliotungwa kwa wafanyakazi, lakini saa zake hawaziwezi

Alhamisi tarehe 6 mwezi wa sita 2024, kabla jua halijatoka Kampala, Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la kriketi. Iliishinda Papua New Guinea kule Guyana, Amerika ya Kusini. Papua waliishia pointi 77, Uganda ikafikisha 78 huku imebakiwa na mipira kumi. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, mzee kuliko wachezaji wote wa kombe hilo, alirusha mipira 24 na kuruhusu pointi 4 peke yake.

Mchezo huo ulianza saa nane na nusu za usiku kwa saa ya Kampala. Goma na Bunia ilikuwa saa saba na nusu. Mshabiki mwenye kuingia kazini saa mbili asubuhi alikuwa na njia mbili: kukesha na kwenda kazini macho mekundu, ao kulala na kusoma matokeo kwenye simu akiwa ndani ya teksi.

Inchini Kongo, kriketi si mchezo wa watu wengi. Wakaaji wa Kivu waliwaona askari wa MONUSCO kutoka India na Pakistani, na katika miji mikubwa kuna wafanyabiashara Wahindi ambao hawawezi kukosa mchezo wa inchi yao. Lakini kwa majirani mambo ni mengine. Rwanda ina uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, tangu 2017. Uganda nayo ilipata tikiti ya kombe hilo mwezi wa kumi na moja 2023 kule Namibia, kwa kuishinda Rwanda hiyohiyo, na Zimbabwe, yenye jina kubwa zaidi, ikabaki nyumbani.

Michezo mingine mitatu ya Uganda ilikuwa mibaya zaidi kwa saa. Dhidi ya Afghanistani, West Indies na New Zealand, yote ilianza saa tisa na nusu za usiku kwa saa ya Kampala. Miwili kati ya hiyo iliangukia mwisho wa juma, hiyo ni nafuu kidogo. Uganda ilifungwa yote mitatu, na dhidi ya West Indies wachezaji wake wote walitolewa kwa pointi 39. Pengine siku hiyo waliolala ndio waliopata faida.

Mtu atasema: dunia ni mviringo, nani atalaumiwa? Guyana iko nyuma ya Kampala kwa saa saba, jioni ya kule ni usiku wa huku. Ni kweli. Lakini tarehe 27 mwezi huohuo, katika uwanja uleule wa Providence ambako Uganda ilicheza usiku, nusu fainali ya India na Uingereza ilipangwa saa nne na nusu za asubuhi. Kampala ilikuwa saa kumi na moja na nusu za jioni, watu wanatoka kazini. Kumbe inawezekana.

Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya Kampala. Saa nne na nusu za asubuhi Guyana ni saa mbili za usiku India, wakati familia zimekaa mbele ya televisheni. Ilijulikana kabla ya kombe kuanza kwamba India ikifika nusu fainali itacheza Guyana, hata ikimaliza kundi lake katika nafasi gani. Sababu ni feza. Kampuni ya Disney Star ilinunua haki za kuonyesha mashindano ya ICC nchini India kwa miaka 2024 hadi 2027, kwa bei iliyotajwa kuwa karibu dola bilioni 3. Hakuna soko lingine la kriketi lenye uzito kama huo, na mwenye kulipa ndiye anashika saa ya ukutani.

Na wenyeji? Tarehe 27 ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi Guyana kama penginepo. New York mambo yalikuwa hayohayo. India ilicheza na Ireland Jumatano, kisha ikacheza na Marekani yenyewe Jumatano iliyofuata, yote saa nne na nusu za asubuhi. Marekani siku ile ilimtegemea Saurabh Netravalkar, ambaye ni mhandisi wa kompyuta katika kampuni ya Oracle. Alimtoa Virat Kohli kwa mpira wa kwanza kabisa. Ni mfanyakazi anayecheza katikati ya juma, saa ambayo wafanyakazi wenzake wa New York wako ofisini.

Ajabu ni kwamba aina hii ya kriketi, inayoitwa T20, ilitungwa kwa ajili ya watu hao. Waingereza waliianzisha 2003 kwa sababu mchezo wa siku nzima, ao wa siku tano, ulikuwa unawashinda wenye kazi. Walitaka mtu atoke ofisini, aone mchezo wa saa tatu hivi, arudi nyumbani kulala. Miaka 21 baadaye, T20 inachezwa asubuhi kwa wenyeji na usiku wa manane kwa wageni, ili iwe jioni mahali pamoja.

Afrika ya Kusini nayo ilionja. Nusu fainali yake na Afghanistani ilianza saa nane na nusu za usiku, saa moja kwa Johannesburg na Lubumbashi. Afghanistani ilitolewa kwa pointi 56, na Afrika ya Kusini ikafika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume mara ya kwanza katika historia yake, watu wake wengi wakiwa kitandani. Fainali ilikuwa Jumamosi saa kumi na nusu za jioni, saa nzuri kabisa kwao. Hiyo waliiona vizuri, na wakafungwa na India kwa pointi 7.

Mwaka 2027 Kombe la Dunia la michezo ya siku moja litakuja Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Namibia. Mchezo wa namna hiyo unakaribia saa nane. Ukianza saa nane na nusu za mchana Johannesburg, ili mfanyakazi awahi nusu ya pili, India utaanza saa kumi na mbili za jioni na kwisha usiku wa manane umepita. Ukianza asubuhi, India itafurahi, na wa Johannesburg atabaki kazini.