Njia Haikukatika, Ilijaa Tu

Wengi mumetuuliza: kwa nini watu wakiwa wengi intaneti inakwama, na tukibonyeza tena na tena inazidi kukwama?

Tuanze na mlango wa refektwari. Tukipita mmoja mmoja, wote tunaingia upesi. Lakini kengele ikilia na kila mtu anasukuma, hakuna anayeingia, na sisi makapita tunapiga kelele bure.

Kwenye intaneti, barua au picha haisafiri nzima. Inakatwa vipande vidogo, navyo vinapitia mashini za njia panda ziitwazo ruta. Kila ruta iko na nafasi kidogo ya kupanga vipande kwa mstari. Nafasi ikijaa, kipande kinachofika kinatupwa. Kompyuta iliyokituma inangojea jibu la kusema «nimepokea». Isipolipata, inatuma tena. Hapo ndipo hatari iko: zote zikirudia mbio mbio, njia inajaa vipande vilevile, hata vile vilivyokwisha kufika.

Jambo hili lilitokea kweli. Mwezi wa kumi 1986, huko Kalifornia, Marekani, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, umbali usiofika mita 400, mwendo ulishuka toka biti 32.000 kwa sekunde mpaka biti 40. Ni kama kupitisha herufi 4.000, halafu ghafula herufi 5 tu! Na waya hazikukatika. Van Jacobson na Mike Karels wakachunguza sababu, na mwaka 1988 dawa ikatangazwa.

Dawa yenyewe haikuwa askari wa kusimama katikati ya njia. Kila kompyuta inajiongoza: inaanza na vipande vichache, inaongeza kadiri majibu yanavyorudi. Jibu likikosekana, inapunguza mara moja, kisha inapanda tena polepole. Kanuni hizo zimetengenezwa zaidi tangu siku zile, lakini hata leo intaneti inazitegemea.

Kweli, kupanua njia kunasaidia. Lakini kila mmoja akisukuma, hata njia pana inajaa.

Basi, ukurasa ukikawia, usibonyeze mara kumi. Ngojea kidogo. Na kwenye mlango wa refektwari, mutukumbuke sisi makapita: anayerudi hatua moja nyuma anawafungulia wenzake, na yeye mwenyewe anakula mapema.

Makapita wa mwaka wa sita