Kompyuta iliyoongezwa kasi Kasubi, itafika Juba ikiwa nzima?

KASUBI, kando ya barabara ya Hoima, inafahamika ulimwenguni kwa makaburi ya wafalme wa Buganda, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Elegu, Mpondwe na Busia hufika huku kwa shughuli nyingine. Wanatafuta bidhaa za kuuza kwao, kompyuta za mtumba zikiwamo.

Mimi ni mwalimu. Nilisomea uhamishoni nchini Kenya, na niliporudi nyumbani Kiswahili changu kikanifanya mkalimani wa wageni hao. Swali wanaloniuliza mara kwa mara ni hili: “Mwalimu, fundi anasema mashine hii imeongezwa kasi. Nimwongeze pesa?”

Kabla ya kujibu, ni vema tuelewe kasi hiyo inatoka wapi. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi, ambayo katika mashine nyingi za sasa ni megahezi 100, na kizidisho. Kizidisho kikiwa 40, prosesa inakwenda gigahezi 4. Kuongeza kasi ni kupandisha moja ya namba hizo kupita kiwango cha mtengenezaji. Jambo hili si geni. Mwaka 1998 prosesa ya Celeron 300A, iliyouzwa kuwa ya megahezi 300, ilijipatia sifa kwa sababu wengi waliifikisha 450 kwa kupandisha mapigo ya msingi kutoka 66 hadi 100.

Hata hivyo, kasi hiyo inalipiwa kwa joto. Joto hupanda sawa na kasi, lakini kwa upande wa volti hupanda kwa mraba. Ukiongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, joto litaongezeka kwa takriban asilimia 33, wala si 20.

Aidha, si kila mashine inakubali. Intel huacha kizidisho wazi katika prosesa za mezani zenye herufi K mwishoni mwa jina, nazo huhitaji madabodi ya jamii ya Z. AMD imeacha wazi karibu Ryzen zote za mezani, ila si kwa madabodi za jamii ya A. Kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex, pamoja na laptopu nyingi, kwa kawaida hazina mlango huo kabisa. Muuzaji akikuambia OptiPlex yake imeongezwa kasi, mwambie aiwashe na akuonyeshe.

Kwa mwenye mashine inayokubali, njia salama ni ya hatua ndogo ndogo. Kwanza toa vumbi, badilisha pasta ya kupitisha joto na uandike nyuzi za joto za kawaida kwa kutumia programu ya HWiNFO. Pandisha kizidisho hatua moja bila kugusa volti, kisha ipe mashine kazi ngumu kwa Prime95 kwa nusu saa. Joto likikaribia nyuzi 85, au mashine ikizima, rudi nyuma hatua moja. Ukiridhika, ijaribu tena kwa saa kadhaa. Ikikataa kuwaka, ichomoe kwenye umeme na utoe betri ndogo ya madabodi kwa dakika chache, ili irudie viwango vya kiwandani.

Kwa kadi ya grafiki, tumia MSI Afterburner na upandishe megahezi 15 kwa wakati mmoja, kiini peke yake na kumbukumbu peke yake. Vidoa vya rangi kwenye skrini vinamaanisha umevuka mpaka. Volti iache ilivyo. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kutokana na volti za juu mno, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Kama wenye kiwanda wamepatwa na hayo, sembuse fundi wa kibandani?

Sasa tuje kwa msafiri. Kampala iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na hali yake ya hewa ni ya wastani. Juba ni bondeni, na mwezi Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Chumba kikizidi joto kwa nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10. Mashine iliyofanya kazi Kasubi kwa nyuzi 88 itafika 98 huko, mahali ambapo prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Hapo mteja wako atakuwa amelipia kasi asiyoipata, naye atakutafuta wewe, si fundi wa Kasubi.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Mashine iliyosukumwa kupita uwezo wake hukosea hesabu kimyakimya na kuharibu mafaili. Kwenye mchezo kosa hilo ni doa la sekunde moja. Kwenye alama za mtihani au daftari la madeni, ni ugomvi. Kompyuta inayotunza alama za wanafunzi wangu haiongezwi kasi.

Wanunuzi wa kadi za grafiki nao wawe macho. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi hizo, na nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Programu ya GPU-Z inaweza kukuonyesha kadi ya zamani iliyobandikwa jina la kadi mpya.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayerudi nyumbani na mashine moja, au unayevusha kumi za kuuza, usilipie kasi ya kuongezwa. Omba irudishwe viwango vya kiwandani mbele ya macho yako. Pesa iliyobaki inunulie SSD na kumbukumbu zaidi. Kasi ya vitu hivyo haibadiliki kwa sababu umevuka mpaka.