Hadithi Isiyohaririwa: Je, Msomaji Aambiwe?

Vijana wetu wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri, hata wale walioko Mbwera ndani ya delta, wamependa utunzi wa namna moja. Humchukua mhusika wa riwaya au tamthilia inayopendwa, wakamtungia visa vipya, kisha hadithi ikapita simu hadi simu.

Utunzi wa aina hii una jadi yake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba mpelelezi wake Bwana Msa kwa kuathiriwa na Sherlock Holmes wa Waingereza, na riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatolewa mwaka 1960. Lakini kitabu kile kilipita kwanza mikononi mwa mchapishaji. Hadithi ya simu haina mlinzi huyo. Je, ni wajibu wa mtunzi kusema kwamba kazi yake haijahaririwa?

Sisi wakulima wa mpunga tunaijua vema Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Wapo watakaojibu kwamba yule alikuwa akiuza, ilhali vijana hawa hawatozi hata shilingi.

Basi na tuwatazame wasiokuwa wakiuza. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa wakilinganisha kila nakala na asili yake, na pambizoni wakaandika alama ya mahali walipofikia. Nakala isiyolinganishwa je? Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071 Miladia), aliruhusu isimuliwe, na miongoni mwa masharti aliyoweka ni msimulizi kubainisha kwamba haikulinganishwa. Hakumziba mdomo, alimtaka aseme.

Sharti hilo latufaa mno sisi Waswahili, kwani lugha yetu imeyapa maneno ya Mtume na kisa cha kubuni jina moja: hadithi. Mtunzi akiandika kwamba mjane amemaliza eda kwa miezi mitatu, msomaji aweza kulichukua kosa hilo kama hukumu, na hali eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi. Herufi iliyokosewa huchekesha tu. Hukumu iliyokosewa huingia nyumbani mwa watu.

Kwa hiyo tunaona mtunzi aandike juu ya kazi yake mstari mmoja: "Hadithi hii ni ya kubuni na haijahaririwa." Mstari huo humlinda msomaji, na humhifadhi mtunzi pia. Binti anayejifunza kuandika hatachekwa kwa kuficha aibu, bali atasahihishwa kama mwanafunzi aliyeomba kufunzwa.

Hata hivyo, kubainisha si ruhusa ya uzembe. Mtunzi asome tena kazi yake, kisha ampe mwenzake aisome. Na panapotajwa aya, Hadithi au hukumu ya ndoa, talaka na mirathi, mstari ule hautoshi: amwendee mwalimu wa madrasa kabla ya kutuma, au aliondoe jambo hilo katika kisa chake.

Wazazi nasi tuzisome hadithi hizi, tuwaulize watoto wetu: nani amekupitia kazi hii?